Saada hafi: shajara ya mchezo wa kusikiliza

14 Aprili

Tumekubaliana. Mchezo utakuwa na vipindi saba, kila kimoja robo saa hivi. Utasambazwa kwa WhatsApp, na redio yoyote ya mtaani itakayoutaka itapewa bure. Mhusika mkuu si Fumo Liyongo. Hilo la mwisho ndilo lililotukesha.

Kisa chenyewe hapa pwani hakihitaji utangulizi. Liyongo, shujaa na malenga wa upande wa Pate na Ozi, alichukiwa na mfalme wa Pate kwa kuwa watu walimpenda yeye zaidi. Silaha ilikuwa haimwingii. Alifungwa akatoroka, aliwindwa akaponyoka, mwishowe akauawa na mwanawe wa kumzaa, kijana aliyeahidiwa cheo na binti wa mfalme, kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913, na barazani kimesimuliwa kwa namna zisizohesabika. Ukimchezesha Liyongo leo, unashindana na bibi wa kila msikilizaji, na bibi atakushinda.

Tunayemtaka sisi ni Saada, kijakazi aliyempelekea Liyongo mkate gerezani. Vyakula vizuri vilikuwa vikiliwa na walinzi mlangoni, kwa hiyo mamake akaoka mkate wa wishwa na kutia ndani tupa ya kukatia chuma. Walinzi wakauona ule mkate wa makapi, wakaucheka, wakaupitisha. Saada akakabidhi, akaondoka, na kisa kikamwacha hapo. Hatuambiwi alizeeka lini wala alizikwa wapi. Mmoja wetu akatania, "Labda hakufa." Tukanyamaza kidogo, kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja.

17 Aprili

Mahali pa kumpa huo uhai usiokatika tumepapata ndani ya kisa chenyewe. Liyongo alipochomwa aliamka, akashika uta na mishale, akaenda hadi kisimani. Akapiga goti, akapachika mshale, akavuta, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakamwona amelenga, wakaogopa kusogea. Mji mzima ukashikwa na kiu kwa kuogopa maiti. Mamake akaletwa kumbembeleza, naye asijue kama mwanawe keshakufa, mpaka mwili ulipoanguka wenyewe.

Katika mchezo wetu, usiku wa kwanza Saada anakwenda kisimani peke yake. Anakuwa wa kwanza kujua. Anateka, anakunywa, anarudi na mtungi, na hamwambii mtu. Kwa nini hasemi? Tumelijadili sana, na jibu nililolishikilia ni hili: kwa mara ya kwanza maishani mwake kijakazi ana kitu ambacho mabwana wote wanakihitaji. Maji ya usiku ule ndiyo yanayomfanya asife.

Mwigizaji wetu wa Liyongo, kijana wa Kisumu, anasema kwao kuna Luanda Magere, ambaye mkuki haukumpenya mpaka adui alipojua kuwa uhai wake uko kwenye kivuli. Mkewe, wa kabila la Wanandi, ndiye aliyeichukua siri hiyo kwa watu wake. Kivuli kikachomwa, mwili ukawa jiwe, na jiwe lipo mpaka leo upande wa Sondu Miriu. Nimefurahi alivyolileta, maana limenisaidia kupambanua. Liyongo na Luanda ni watu wasiouawa ila kwa njia moja. Kisa cha mtu wa aina hiyo kinatafuta ile njia moja, kikiipata kimekwisha. Asiyekufa kabisa hana njia ya kutafutwa. Mchezo wake unaendeshwa na wale wanaokufa karibu yake.

23 Aprili

Nimekaa na muswada wa kipindi cha 1 nikagundua ugumu ambao kwenye karatasi hauonekani. Kwenye mchezo wa kusikiliza, aliyenyamaza hayupo. Jukwaani mtu anaweza kusimama kimya dakika kumi na ukamwona. Kwenye sauti, mhusika akikaa nusu dakika bila neno wala pumzi wala kikombe mkononi, msikilizaji keshamzika. Sasa Saada ni mtumwa. Kazi yake katika nyumba ya mabwana ni kuwepo bila kusikika.

Fundi wetu wa sauti amependekeza tumpe bangili. Kila anapokuwemo chumbani, bangili mbili za fedha zinagongana kidogo anapoweka sinia au kufunga dirisha. Mabwana wanazungumza kana kwamba wako peke yao, lakini msikilizaji anajua kuna mtu. Karne zinapopita, sauti za mabwana zinabadilika, bangili ni zile zile. Nimekubali papo hapo. Nikafuta msimulizi wote niliyekuwa nimemwandika, yule wa kusema "miaka mia ikapita". Msikilizaji atajua miaka imepita kwa sababu sauti aliyoizoea haipo tena na hakuna anayeiulizia.

2 Mei

Mvua. Mabati ya jirani yanapigwa tangu alfajiri. Hakuna kurekodi. Tumeyarekodi yale mabati yenyewe, yatafaa kipindi cha 6.

6 Mei

Tukio la gungu, kipindi cha 1. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu limenistaajabisha.

Katika kisa, Liyongo aliomba apigiwe ngoma ya gungu nje ya gereza kabla ya kuuawa, na wakati watu wanacheza, yeye ndani anakata minyororo kwa tupa. Ngoma inafunika sauti ya chuma. Nilidhani ni ujanja wa hadithi tu, kitu cha kukubaliwa bila kuuliza. Fundi akataka kulipima. Akaleta tupa ya fundi wa funguo na mnyororo wa baiskeli, akarekodi msuguano wake kwa maikrofoni ya karibu, kisha akauwekea juu ngoma peke yake. Tupa ikasikika wazi kabisa. Ngoma ni nzito, iko chini, na sauti ya tupa iko juu, haikutani nayo. Tukaongeza matoazi na tasa ya shaba inayopigwa kwa kijiti. Tupa ikatoweka. Ukizima matoazi inarudi, ukiyawasha haipo.

Sababu inaeleweka: sauti hufunikwa vizuri na sauti nyingine ya kimo kile kile, na matoazi ni chuma kwa chuma kama tupa. Na vyombo hivyo ndivyo vya gungu tangu zamani. Waliokitunga kisa hiki, au waliokipokezana, walijua walichokuwa wanakisema kuhusu sauti kuliko mimi mwenye kompyuta.

Kwa hiyo tumelipanga tukio kutoka upande wa Saada. Yuko nje, katikati ya wachezaji, na ndiye pekee anayejua kwamba ndani ya kelele ile kuna tupa. Wapigaji wakichoka, matoazi yakilegea, tupa inachungulia kwa sekunde moja, na Saada anapiga kigelegele kuifunika. Mwigizaji alipokipiga kile kigelegele chumbani, mtu wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza harusi ni ya nani.

11 Mei

Muswada umesomwa na ustadh mmoja wa madrasa, mtu mpole anayependa michezo ya redio kuliko anavyokiri. Alikuwa na swali moja tu: mnamfanya mtu asife, na kila nafsi itaonja mauti, hilo mnalipeleka wapi?

Swali la haki, na wasikilizaji wetu wengi watakuwa nalo moyoni hata wasipoliandika. Tulizungumza mpaka Alasiri. Akanikumbusha habari za Khidhri, ambaye katika simulizi alikunywa maji ya uhai wakati Dhulkarnaini aliyekuwa akiyatafuta aliyakosa, na kwamba wanavyuoni hawakuafikiana kama yu hai au alikufa. Wanaosema alikufa husoma aya ya 34 ya Suratul Anbiyaa, kwamba hakuna binadamu aliyejaaliwa kuishi milele kabla ya Mtume. Basi mimi nikamwambia ustadh kwamba Saada hajafanywa wa milele. Ameahirishiwa. Ataonja, ila hajui lini, kama mimi na yeye tusivyojua, tofauti ni urefu tu.

"Basi muandike hivyo," akasema. "Asijisifu. Na asichoke na uhai kama wale wa sinema."

Hilo la pili halikuwa la dini, lilikuwa la usanii, na ni kweli. Karibu kila kisa cha asiyekufa kinamfanya alalamike. Amechoka, dunia imemchosha, anatamani kaburi. Ni malalamiko ya watu waliokuwa na kila kitu tangu mwanzo. Saada alianza maisha yake hamiliki hata jina la baba yake. Kwa nini achoke? Yeye ndio kwanza anaanza.

12 Mei

Kutokana na hilo la jana nimeandika upya kipindi cha 5 chote, na naamini sasa ndicho uti wa mchezo.

Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ilifuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya. Wenye watumwa ndio waliolipwa fidia. Mwenye mtumwa alikwenda kudai, akathibitisha kuwa mtu fulani ni wake, akapewa fedha. Tumemweka Saada mbele ya meza ya karani. Chumba kina mwangwi, kalamu inachovya wino, nje kuna filimbi ya treni, maana reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na kufika ziwani 1901.

Karani anauliza jina. Saada. Umri? Saada ananyamaza, bangili inagonga meza. Karani anaandika chochote.

"Bwana wako nani?"

"Alikufa."

"Mrithi wake?"

"Alikufa."

"Aliyemrithi huyo?"

"Nilimwosha mkewe. Nao wana wao wote wamekufa."

"Sasa nani atakuja kukudai?"

"Ndiyo nami nakuuliza wewe, bwana karani."

Mfalme wa Pate angetoa nusu ya ufalme wake ili asife, abaki na alichonacho. Kwa mtumwa hesabu imegeuka. Kutokufa ni kuwapita kwa umri wote wenye hati. Sikumpa Saada neno la ushindi. Karani anamwambia apishe njia, kuna watu nyuma yake.

20 Mei

Kunguru.

Tulipanda juu ya paa la Mji wa Kale asubuhi mapema kurekodi hewa ya kipindi cha 3, Mombasa ya mwaka 1698, pale ngome ya Yesu ilipoanguka mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa tangu 1696. Bahari nzuri, hakuna tuktuk bado, adhana ilikuwa imeshapita. Tukarudi kusikiliza. Kila mahali kunguru. Si tatizo, nikasema, kunguru ni ndege wa mji. Fundi akanitazama. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na Mombasa walifika baadaye sana, katikati ya karne ya 20. Mwaka 1698 hapa hapakuwa na hata mmoja.

Nani atajua? Pengine hakuna. Lakini Saada angejua, na mchezo huu unasikika kwa masikio yake. Nimeyachukua malalamiko ya fundi nikayatia mdomoni mwa Saada, kipindi cha 7, ambapo kijana anamuuliza kama kelele za kunguru hazimkeri.

"Hawa? Hawa wageni. Wamekuja juzi."

Hewa ya 1698 itabidi tukairekodi upande wa mikoko, mbali na majaa.

28 Mei

Leo tulikuwa kwa sonara kuazima reale. Saada anatembea nayo tangu kipindi cha 4, ni mshahara wake wa kwanza. Anayeitoa ni mke wa mfanyabiashara anayemlipa kwa siri kwa kazi ya kusuka nywele, na mumewe hajui.

Reale ya Maria Theresa ilikuwa ndiyo fedha ya biashara pwani yote katika karne ya 19. Ina uzito wa gramu 28 hivi. Na ina jambo ambalo kama ningelitunga mwenyewe msingeniamini. Malkia aliyechorwa juu yake alikufa mwaka 1780, na tangu hapo reale zote, hata zilizogongwa miaka mia na zaidi baadaye, zimeandikwa 1780. Hazizeeki kwa maandishi. Kila mtu aliyezishika alijua malkia keshakufa na bado alimpokea.

Sonara alituruhusu kuidondosha juu ya meza yake ya mbao, kisha juu ya sakafu ya chokaa. Tulipotaka juu ya kioo, hapo akakataa. Kwenye mbao inalia kwa kimo cha juu, inazunguka, inaharakisha inapokaribia kulala, halafu inakatika ghafla. Shilingi ya leo ukiidondosha inasema neno moja tu na kunyamaza. Tumeirekodi reale kwa maikrofoni mbili, ya karibu na ya mbali. Nikamuuliza sonara kama zipo bandia. Akacheka, akasema bandia utaijua kwa sikio kabla ya jicho, ndiyo maana wazee walikuwa wakiidondosha kwanza.

Hiyo imeingia kwenye muswada bila kubadilishwa.

9 Juni

Kusi inavuma. Hata ndani, madirisha yamefungwa na magodoro yamesimamishwa, kuna mngurumo chini ya kila neno. Tunaukata kwa programu, ila ukikata mno sauti ya mwigizaji wa kiume inabaki nyembamba. Tumehamisha kazi ya wanaume kwenda saa za usiku.

15 Juni

Mwigizaji wa Saada. Tulikuwa na mawazo mawili: msichana wa kipindi cha 1 na mama mtu mzima wa kipindi cha 7, au mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Kama hazeeki, sauti haizeeki, kwa hiyo mmoja. Lakini umri gani? Tuliwajaribu wasichana kadhaa. Walikuwa wazuri kwenye mkate na gungu, wakashindwa mbele ya karani. Halafu akaja bibi mmoja wa Lamu, amepita miaka sabini, alikuwa akisindikiza mjukuu wake. Akasoma sentensi ya karani kwa kusaidia tu. Akaisoma bila kuigiza chochote.

Sauti yake ina mikwaruzo, lakini haina uzee. Ni vigumu kueleza. Akinyamaza unaona bado anasikiliza. Ndiye.

Jambo lingine aliloleta ni Kiamu chake. Saada ametoka upande huo, kwa hiyo tumekubaliana hivi: miaka inavyokwenda anachukua Kimvita, halafu Kiswahili cha redio, halafu cha vijana, maana amelazimika kujificha katika kila kizazi. Ila akikasirika au akiomba dua, maji yanarudi kuwa *mai* na njia inakuwa *ndia*. Sikumwandikia mahali pa kufanya hivyo. Anapachagua mwenyewe, na mara zote huwa pale nilipokuwa sijaona kuwa Saada amekasirika.

18 Juni

Mkataba wa waigizaji. Kuna kijana anayetusaidia na mitandao, mwenye nia njema, alituonyesha programu inayoweza kujifunza sauti ya mtu kwa dakika chache za kurekodi na kuisemesha neno lolote. Alisema kwa hali ya Bibi, umri na safari za kutoka Lamu, ingekuwa busara kuwa na akiba. Mhusika asiyekufa, sauti isiyokufa. Alidhani amefunga hoja.

Nikaona ni lazima Bibi mwenyewe aulizwe. Nilimweleza kwa kirefu, na akataka kuisikia. Tukamsikilizisha sauti ya mtu mwingine iliyotengenezwa hivyo.

"Huyu hatumii pumzi," akasema.

"Ndiyo, Bibi. Ni mashine."

"Basi mwanangu, nikifa kabla hamjamaliza, mwite mjukuu wangu amalizie kwa sauti yake. Watu watajua ni mwingine. Na wajue."

Imeandikwa kwenye mkataba wa kila mmoja wetu, nami nikiwemo. Anayekufa au kuondoka anarithiwa na mtu, haigwi kwa programu. Michezo mirefu ya redio imekuwa ikikabili hili siku zote, mhusika anaishi muda wote redio inapomtaka na mwigizaji ana maisha yake. Na mara nyingine kifo ndicho kinachoupa mchezo uzito. *Twende na Wakati* ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993, ilimwacha Mkwaju, yule dereva wa lori, afe kwa UKIMWI huku nchi ikisikiliza. Kifo chake kilikuwa ndicho somo. Sisi mhusika wetu hafi, basi angalau sauti zetu zife kwa heshima.

Nilimsimulia pia kijana wetu habari ya Orson Welles, ambaye Julai 1938 alifungua mfululizo wake wa redio kule Marekani kwa kisa cha *Dracula*, akacheza yeye mwenyewe Dracula asiyekufa na Dakta Seward anayesimulia sehemu ya kisa. Koo moja, watu wawili, bila programu yoyote. Hakuvutiwa sana.

1 Julai

Kipindi cha 6 kimekamilika, isipokuwa wimbo.

Saada ni mpishi katika nyumba ya wenye nazo, gramafoni imeletwa. Ni miaka ya mwanzo baada ya 1928, mwaka ambao Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri zile zikaenea pwani yote. Mabwana wanasikiliza na kushangilia. Wakilala, Saada anarudi gizani, anazungusha mpini, anaweka sindano. Mvua juu ya mabati. Kwa mara ya kwanza tangu kisimani amekutana na kitu kingine kinachosema bila kuzeeka. Upande mmoja wa santuri unachukua dakika tatu hivi, kisha sindano inabaki ikikwaruza mzunguko wa mwisho, na Saada anaelewa kuwa kile kitu hakimsikii. Kinarudia.

Santuri halisi hatukutumia. Siti alifariki 1950, na haki za santuri zile ni msitu nisiotaka kuuingia. Tumetungiwa wimbo mpya, mwimbaji kasimama mbali na maikrofoni akitazama ukuta, kisha fundi akaondoa kila kitu chini ya hertzi 100 na juu ya 5,000, maana vyombo vya enzi ile havikuchukua zaidi ya hapo. Mara ya kwanza aliondoa akaongeza mikwaruzo mingi sana, ikawa kama samaki wanakaangwa. Nikamwambia apunguze. Udi pia umekaa mbele mno, tutaurudia.

10 Julai

Kisima, kipindi cha 2. Tumekimaliza leo na nimechoka kwa raha.

Nilikuwa nimeandika kwenye muswada: *Kimya. Sekunde thelathini.* Nilijivunia mstari huo. Fundi mitambo wa redio moja ya mtaani, ambaye tulimwita atusikilizie, akatuuliza kama tunajua stesheni nyingi zina mtambo wa kushika kimya. Matangazo yakinyamaza sekunde kadhaa, mtambo unadhani kitu kimeharibika na unajipigia muziki wenyewe. Liyongo angekufa, na mahali pake ingeingia bongofleva. Na kwenye simu je? Mtu akikutana na kimya anadhani faili limekwama, anasogeza mbele kwa kidole.

Kwa hiyo kimya kimebidi kijazwe bila kuacha kuwa kimya. Tumefanya hivi. Tangu kipindi cha 1, kila Liyongo alipo, tumemwekea pumzi yake: nzito, ya puani, na kikwazo kidogo mwisho wake kama mtu aliyewahi kuvunjika pua. Hatukuitaja hata mara moja. Saada anamletea chakula gizani, pumzi ipo. Anakata mnyororo, pumzi ipo. Analala na mwanawe anakaribia na sindano, ipo, halafu inakatika na kurudi kwa kasi. Sindano yenyewe hatukuipa sauti yoyote. Shaba kitovuni hailii, na tulipojaribu kuitengenezea sauti ikawa kichekesho.

Kisimani tumeacha kila kitu: chura, kamba ya katani inayolia juu ya mti, matone yanayorudi majini, na mbali kabisa watu wa mji wakinong'ona nyuma ya ukuta. Mtambo wa redio hautalalamika. Kilichoondolewa ni ile pumzi tu. Saada anasogea, bangili inalia mara moja, anasimama. Hana neno. Halafu ndoo inashuka.

Tuliwasikilizisha watu wa nyumbani bila kuwaeleza. Shangazi yangu, aliyekuwa anakuna nazi wala hatukudhani anafuatilia, akaacha kukuna. "Keshakufa huyo," akasema. "Msichana kajua."

Kisima tulichorekodia kipo nyuma ya msikiti mmoja, bado kinatumika. Mwangwi wake ni mfupi kuliko nilivyotarajia kwa sababu kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yana vinyweleo. Fundi alitaka kuurefusha. Nimekataa.

22 Julai

Jaribio ndani ya matatu. Tumesikiliza vipindi vitatu kwa spika ya simu ya bei nafuu, njiani kutoka Likoni hadi mjini. Mapigo ya moyo ya Saada mbele ya karani hayasikiki hata kidogo, spika ndogo haitoi sauti nzito za namna ile. Yameondolewa, bangili inatosha. Ngoma ya gungu imebaki vijiti na matoazi, ambayo kwa bahati ndiyo tunayoyahitaji. Reale inasikika juu ya honi, juu ya makanga, juu ya kila kitu.

Abiria mmoja aliuliza ni kisa cha nani na kama tunaweza kumtumia.

4 Agosti

Mwisho wa kipindi cha 7 bado unabishaniwa. Katika muswada wangu, kijana mtafiti anamrekodi Saada kwa simu, anadhani ni bibi anayejua hadithi za Liyongo. Anamuuliza juu ya mfalme, juu ya mwana, juu ya sindano. Mwishoni ndipo anamuuliza, kwa adabu tu, kuhusu yule kijakazi wa mkate. Saada anajibu, "Hilo sasa ndilo swali," na anaanza kusimulia kutoka mwanzo.

Wenzangu wawili wanataka afe. Wanasema msikilizaji aliyevumilia vipindi saba anastahili kaburi. Bibi, alipoulizwa, alisema yeye ataigiza lolote, ila akifa atataka alipwe ziada. Tumerekodi miisho yote miwili. Mimi napigania wa kwanza, kwa sababu Saada akifa mbele ya maikrofoni tutakuwa tumempa kifo kizuri ili sisi tustarehe, na hata hivyo tangu 17 Aprili hakuna aliyeweza kuniambia atakufa kwa nini.

Kura ni Jumamosi. Kabla ya hapo: udi wa kipindi cha 6 urudiwe, hewa ya mikoko ya kipindi cha 3 ikarekodiwe bamvua likijaa, na karani wa 1907 aitwe tena, maana alitamka "fidia" kwa upole mno.